Barua kwa mwanangu: kwa nini sura zimetoka kama matope

Mwanangu Zuhura,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, jana usiku na leo baada ya chai. Unauliza, "Baba, mbona kwenye laptop kurasa zangu za katuni zilikuwa zinawaka, nimepeleka kuchapa Kariakoo zimerudi kama zimelowekwa matope, na sura za watu ndo zimeharibika kuliko vyote, kosa langu au la mashine?" Ile nakala uliyompa mdogo wako ninayo hapa mezani, nimeikagua ukurasa kwa ukurasa kwa ile lenzi yangu ya kuangalizia nukta, na ntakujibu kama ninavyoona, maana mimi nimekula miaka mingi kwenye ofseti, zile mashine kubwa za kuchapa, na bado inaniuma nikiona kazi nzuri inafia kwenye karatasi.

Mashine ina sehemu yake ila ndogo. Skrini inakupa rangi kwa mwanga, yani yenyewe inawaka, karatasi haiwaki, inasubiri mwanga wa dirishani upite kwenye wino ndo urudi machoni. Na wino ni nne tu, sayani (buluu ya kijani), majenta (waridi kali), njano na nyeusi. Ile kijani kali ya mwamvuli wa mama ntilie kwenye wino hizo nne haipo kabisa, kwa hiyo faili lako liangalie kwa CMYK, yani kwa rangi za wino hizo nne, mapema kabla hujaizoea ile rangi ya skrini. Afu ulichagua karatasi ya gazeti kwa sababu ya bei, naelewa, lakini ile inafyonza, nukta ya wino ya asilimia 50 inatanuka mpaka inaonekana kama 70 na zaidi, kila kitu kinashuka giza.

Sasa sura. Nimefungua faili uliyotuma, ile paneli, yani kile kisanduku cha picha, ya binti anauza samaki soko la Feri saa sita mchana, nikapima kivuli cha shavuni nikakuta kwa asilimia sayani 65, majenta 70, njano 75, nyeusi 80. Jumlisha, 290. Karatasi ya gazeti inabeba kama 240 hivi, ukizidisha wino haukauki vizuri, unalowa na kuchafuka. Ila hata ungechapa kwenye karatasi ya glosi, ile inayong'aa, bado ile sura ingekuwa imekufa, kwa sababu ulichukua kahawia ukaitia nyeusi, ukataka iwe giza zaidi ukaitia nyeusi tena. Mwanangu, ngozi ya mtu mweusi haitengenezwi kwa nyeusi. Nilifanya kosa hilohilo kwenye kalenda moja ya watoto wa shule nikiwa bado kijana kazini, watoto wote wakatoka kama masizi, mama mmoja akaja akaitazama picha ya mwanae akaondoka bila kusema neno. Mpaka leo namkumbuka.

Kaa barazani mchana umtazame mama yako akichambua mchele. Upande wa jua ngozi yake ina uwekundu na udhahabu, kwenye paji la uso pale panapong'aa utaona weupe wenye ubuluu, ile ni mbingu inajionesha kwenye ngozi, na kivuli cha shavu kinaelekea zambarau, afu chini ya kidevu panarudi joto kidogo kwa sababu mchanga wa uani unarusha mwanga juu. Hakuna nyeusi tupu hapo, kwenye wino utaitia kidogo tu. Jaribu sehemu ya jua sayani 35, majenta 65, njano 80, nyeusi 10, na kivuli sayani 60, majenta 75, njano 65, nyeusi 20. Hiyo ya pili ni 220, karatasi yako inaibeba, na giza linakuja kwa sababu rangi imehama sio kwa sababu umeifunika. Na usiwape watu wote kahawia moja jamani, pale Feri penyewe kuna maji ya kunde, kuna mweusi tititi, kuna mwekundu wa pwani.

Nyeusi tupu iachie mistari ya kalamu. Mistari yako umeiweka kwenye wino zote nne, karatasi ikisogea nywele moja tu mstari unatoka mapacha, ukurasa wa 5 uangalie utaona, ni kama kanga ambayo pindo na mji havijakutana.

Kingine, kabla ya vivuli mwaga rangi bapa kwanza kila kitu na rangi yake, halafu geuza ukurasa wote uwe bila rangi uutazame. Paneli ya Feri nimeigeuza, uso wa binti na ukuta nyuma yake ni kijivu kimoja, jicho linaenda kwenye ndoo badala ya kwenda kwake, na yeye ndo anaongea. Ukuta upaushe. Vitabu vya katuni vya zamani vya Marekani vilikuwa na rangi 64 tu, kila wino kati ya sayani, majenta na njano ulikuwa na hatua nne, hakuna, asilimia 25, 50 na 100, na msomaji alijua nani anamtazama nani. Fanya ukurasa mmoja kwa mpango huo, kwa kweli utakufunza kuliko zile video unazoangalia usiku kucha.

Usirudie kurasa zote nane. Paneli ya Feri peke yake, chapa prufu moja, yani nakala ya kujaribia, kwenye karatasi ileile, njoo nayo Jumamosi huku Magomeni mchana wakati jua lipo, tuitazame nje sio chini ya taa ya sebuleni.

Baba yako