Kabla ya mlinganyo, pima nani anafika kwanza

Wadogo zangu wanaoandika kazi ya kumaliza masomo hapa Goma huniletea swali lile lile: "Mkubwa, nitumie mlinganyo gani?" Mmoja ameshika gesi ya Ziwa Kivu, mwingine mazuku, ile gesi inayoua watu mashimoni, mwingine maji machafu yanayopenya kwenye mawe ya volkano. Siku hizi siwapi mlinganyo. Nawaambia wafunge kompyuta, wachukue kalamu, wapime kwanza nani atafika mapema: mkondo au msambao.

Mkondo hubeba kila kilichomo na kwenda nacho. Msambao ni chembe kutangatanga zenyewe hadi palipojaa papungue. Mwanasayansi Mjerumani Adolf Fick aliiandika sheria ya msambao mwaka 1855. Muda wa mkondo ni umbali ukigawanya kwa kasi. Muda wa msambao ni umbali mara umbali, ukigawanya kwa ile D ya vitabuni, namba inayosema kitu kinasambaa upesi kiasi gani. Kwa hiyo ukiongeza umbali mara kumi, mkondo unachelewa mara kumi, msambao unachelewa mara mia. Ukiielewa sentensi hiyo, nusu ya kazi yako imekwisha.

Chukua mazuku, ambayo watu wa mtaa wa Himbi na wa njia ya Sake hawahitaji kufundishwa. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, inateremka na kulala mashimoni. D yake hewani ni kama 0.000016, yaani mita mraba kwa sekunde. Shimo la mita moja, bila upepo, linadai sekunde 62,500 hivi: saa 17 na zaidi. Upepo mdogo wa mita moja kwa sekunde unapita shimo hilo kwa sekunde moja. Uwiano wa nyakati hizo mbili una jina, namba ya Péclet, na hapa ni zaidi ya 60,000. Ndiyo maana alfajiri tulivu ni ya kuogopwa: mkondo umelala, na msambao hauwezi kusafisha shimo kabla gesi nyingine haijapanda kutoka chini. Ukiandika kazi juu ya mazuku kwa msambao peke yake, umeandika juu ya gesi nyingine kabisa.

Ziwa lenyewe ni gumu zaidi, na mimi ndilo ninalolipenda. Kilindi chake kinakaribia mita 485. Chini kuna chemchemi zinazoingiza maji yenye chumvi na joto, na maji ya vilindini yanasukumwa juu polepole mno. Tuseme nusu mita kwa mwaka. D ya chumvi majini ni kama 0.000000001. Mita moja: mkondo miaka 2, msambao miaka zaidi ya 30. Mkondo umeshinda. Sentimita moja: mkondo wiki nzima, msambao siku moja na kidogo. Sasa msambao umeshinda, katika maji yale yale! Mpaka kati yao uko kwenye sentimita 6 hivi. Basi mtu akiniuliza kama Kivu ni ziwa la mkondo au la msambao, namuuliza naye: kwa umbali gani?

Halafu kuna joto, ambalo majini husambaa haraka kuliko chumvi karibu mara mia. Linapanda kutoka chini, chumvi inabaki nyuma, tabaka la juu yake linapata joto na kujikoroga polepole bila kuweza kuchanganyika na la chini. Matokeo ni ngazi: mamia ya matabaka yaliyochanganyika vizuri ndani yao, yakitenganishwa na mipaka myembamba sana.

Hapo gridi yako, yaani zile nukta unazogawia ziwa ndani ya kompyuta, inaingia mashakani. Ukitumia njia rahisi ya kukokotoa mbele kwa mbele, kila hatua ikitoka kwenye iliyotangulia, hatua ya muda isizidi umbali wa gridi mara wenyewe, ukigawanya kwa D mara mbili. Kwa joto na gridi ya sentimita moja, ni dakika 6 tu. Ukikata gridi nusu, hatua zinakuwa mara nne na nukta mara mbili, kazi mara nane. Fikiria betri yako siku umeme ukikatika.

Lakini gridi pana ina ujanja mbaya zaidi, maana haisimamishi programu. Ukikokotoa mkondo kwa kutazama nukta ya nyuma tu, hesabu inazalisha msambao wa uongo unaokaribia kasi mara upana wa gridi, ukigawanya kwa mbili. Kwa ziwa letu na gridi ya mita moja, uongo huo ni kama mara nane ya msambao halisi wa chumvi. Mchoro unatoka laini, unapendeza, jopo la watahini linatikisa kichwa kukubali, na ngazi zote zimefutika. Kwa hiyo endesha tena kwa nusu ya gridi kabla ya kuchapa. Mipaka ya matabaka ikiwa mikali zaidi kuliko mwanzo, uliyokuwa unaichora ni gridi yako.