Jibu: Kwa nini Marekani ilichelewa hivyo kumaliza silaha za kemikali?

Ndugu, umeuliza kwa nini Marekani ilimaliza kuharibu silaha zake za kemikali Julai 2023, ilhali mkataba wa kimataifa unaopiga marufuku silaha hizo ulianza kutumika 1997, na kwa nini hawakuzitupa tu baharini. Baharini zilishatupwa zamani, na wavuvi wa Bahari ya Baltiki, Ulaya, wameunguzwa na gesi ya haradali iliyonaswa na nyavu zao. Mkataba unapiga marufuku njia hiyo.

Kilichochelewesha zaidi ni wananchi. Wakazi wa karibu na ghala la silaha la Blue Grass, Kentucky, walikataa katakata sarini, sumu inayoua kwa kushambulia neva, ichomwe jirani na shule zao, na mimi nawapa heko. Ikabidi roketi zilizobeba sumu hiyo zitobolewe moja moja kwa mashine, sarini imwagwe, kisha ivunjwe kwa maji na kostiki soda, ile ile wanayonunua watengeneza sabuni hapa Nairobi.

Jumla ya tani zaidi ya 72,000 zilizotangazwa na mataifa zimeharibiwa, wakaguzi wa OPCW, shirika linalosimamia mkataba huo, wakishuhudia. Lakini Misri na Korea Kaskazini hazijajiunga, na Syria ilitumia sarini hata baada ya kujiunga 2013. Hilo ndilo linaloniuma.