Natafuta mbwa wa kumlea, simpati: majibu kwa wasomaji wa Mbeya, Iringa na Njombe

Tangu niandike juu ya mbwa wanaotupwa stendi na sokoni, simu yangu haipumziki. Wengi wenu hamtaki kununua mbwa wa kizungu. Mnataka kumchukua aliyekosa kwao, mumpe kibanda na sahani yake, lakini kila mkibisha hodi mnarudi mikono mitupu. Nimechagua maswali saba, na mengi ya mliyoniuliza yamo ndani ya haya.

Shikamoo mama. Huu ni mwezi wa nne natafuta mbwa asiye na mwenyewe nimlee. Kila ninayemuuliza ananicheka au ananiambia niende Dar. Nianzie wapi? (Mama wa watoto wawili, Forest, Mbeya)

Marahaba mwanangu. Vituo vya kuokoa mbwa vinavyotajwa zaidi viko mbali nasi: Mbwa wa Africa wako Arusha, TAWESO wako Dar es Salaam, na kutoka hapo ulipo hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Usimpakie mnyama kwenye buti la basi umbali huo. Kwetu huku mbwa wengi hawapiti kituoni kabisa, wanapita mikononi mwa watu, kwa hiyo watafute watu hao.

Anza na afisa mifugo wa kata yako. Zoezi la chanjo likipita, yeye ndiye anayeona nyumba ipi ina mbwa saba na chakula cha wawili. Kisha muulize muuza dawa za mifugo, na mwenye bucha, maana mbwa wasio na kwao hawakosi mlangoni kwake asubuhi. Walinzi wa usiku wa magodauni nao usiwapite. Mlinzi anamjua mbwa wa mtaani kuliko mtu yeyote: anajua yupi ni mpole, yupi anakimbiza pikipiki, yupi ana mimba. Mwisho, wafuate watu wanaohama. Watumishi wanahamishwa, wafanyakazi wa kujitolea wanarudi kwao, na mbwa anabaki amekaa getini akisubiri gari lisilorudi. Bandika karatasi dukani: "Unahama? Usimwache mbwa, nipigie." Mbwa wangu wawili niliwapata hivyo, na wote walikuja na kadi zao za chanjo.

Jambo moja nakuomba sana. Usinunue watoto wa mbwa wanaouzwa barabarani kwenye boksi, hata huruma ikikubana koo. Unaambiwa ana miezi miwili, ukimfungua kinywa unakuta meno ndiyo kwanza yanachomoza, yaani hata wiki tano hajafikisha. Mtoto wa mbwa anahitaji wiki nane na mama yake na ndugu zake. Hapo ndipo anapojifunza kuuma bila kuumiza. Na ukimnunua huyo, kesho boksi litajazwa mwingine.

Kamwene mama. Kuna familia hapa Iringa inaokoa mbwa. Nimeenda mara mbili kuomba jike mmoja wa kahawia, nikanyimwa kwa sababu nyumba yangu haina ukuta. Mimi ni mzaliwa wa Kilolo, tumefuga mbwa maisha yote bila ukuta. Je, mbwa ni wa matajiri peke yao? (Fundi seremala, Kihesa)

Kamwene baba. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimeumia pamoja nawe. Siafiki sharti hilo lilivyowekwa. Nimeshaona mbwa ndani ya ukuta wenye vyupa juu, amefungwa mnyororo usiozidi hatua mbili kuanzia asubuhi hadi usiku, amezunguka mpaka ardhi imechimbika duara kama uwanja wa kupuria maharage. Ukuta ulikuwepo. Aliyekosekana ni mtu.

Lakini nawaelewa na wao. Mbwa aliyeokolewa hajui kwake ni wapi katika siku za mwanzo, na akishtuka anakimbilia popote. Barabarani kuna malori, kwa jirani kuna sumu iliyotegwa, na halmashauri ikitangaza msako wa mbwa wazururaji, aliye nje ndiye anayepigwa risasi. Mtu aliyemuuguza mnyama miezi mitatu hataki kusikia amekufa wiki ya kwanza.

Wewe ni fundi seremala, silaha unayo mkononi. Mabanzi ya Mufindi unayajua bei yake. Tengeneza uzio wa mabanzi nyuma ya nyumba, mita nne kwa sita zinatosha kwa kulala na kwa miezi ya kuzoea, weka kibanda ndani, halafu uwaalike waje waone. Waambie pia kwamba kadi ya chanjo utaitunza, kwamba mbwa hatafungwa mnyororo mchana kutwa, na kwamba ukishindwa utamrudisha kwao. Hayo matatu ndiyo masharti ya kweli, na mimi nisingempa mbwa mtu yeyote anayeyakataa, hata awe na ghorofa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamtaka mwenye mnyama amtunze na asimtese, haiulizi kama ana ukuta. Nenda mara ya tatu, baba. Ukinyimwa tena, niandikie.

Mama, nina mtoto wa miaka mitano. Nimeonyeshwa mbwa mkubwa aliyeokolewa, wanasema ana kama miaka minne, historia yake haijulikani. Nitajuaje kama ni salama? (Baba wa mtoto mmoja, Mafinga)

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na nakupongeza kwa kuliuliza kabla ya kumchukua.

Usimwamini anayekwambia "huyu hana shida na watoto" kama hajamwona na watoto. Nenda mwenyewe mara tatu, saa tofauti. Mara ya kwanza kaa chini, mpe ubavu, usimwite. Tazama kama atakuja kukunusa kwa hiari yake. Mara ya pili mtembeze na kamba, mpitishe karibu na pikipiki, na mwache awaone watoto wanaocheza mpira, ukiwa mbali nao. Mara ya tatu nenda na mtoto, naye akae karibu na miguu yako, asimlishe, asimkumbatie.

Mkia usikudanganye. Mbwa anaweza kutikisa mkia huku mwili umekakamaa. Tazama mambo madogo: anageuza uso pembeni huku akionyesha weupe wa jicho, anajilamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo ilhali hana usingizi, anaganda kama amepigwa na baridi. Hizo ni namna zake za kusema "niache." Akiguna, mshukuru, amekuonya. Mbwa anayechapwa kila akiguna hujifunza kuuma bila kuguna, na huyo ndiye wa kuogopwa.

Hata ukifanya yote hayo, kuna siri utakazokuja kuzijua nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita nilimchukua jike mzee pale Uyole, karibu na maegesho ya malori. Siku nne alikuwa mpole kama kondoo. Siku ya tano shemeji yangu akaingia uani amevaa mabuti ya mvua. Yule jike alijikunja chini ya karo la kufulia, akajikojolea, na shemeji alipomfuata kumbembeleza, akayauma mabuti yale akang'ang'ania. Mtu aliyevaa mabuti alikuwa amemtenda nini huko nyuma, sitajua kamwe. Tuliyaacha mabuti yale uani, matupu, na kila jioni nikamwekea chakula karibu nayo, leo hatua kumi, kesho tisa. Wiki ya sita nilitoka asubuhi kuchota maji nikamkuta amelala, kidevu kimeegemea buti la kushoto.

Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza mtoto na mbwa wasibaki peke yao hata dakika moja ya kwenda dukani. Mbwa akiwa anakula au amelala, mtoto asimsogelee. Na kama ziara ya tatu imekuacha na wasiwasi usioweza kuueleza, mwache huyo mbwa apate nyumba isiyo na mtoto mdogo. Ukimwacha hapo hujamdhulumu.

Jana nimemwokota mbwa sokoni Mwanjelwa, leo asubuhi nimempeleka akachanjwa kichaa. Sasa si yuko salama? (Kijana, Soweto, Mbeya)

Bado, mwanangu. Umefanya vizuri kumchanja, ila chanjo haimponyi mbwa ambaye virusi vimeshamwingia. Kichaa cha mbwa kinaweza kujificha mwilini wiki kadhaa, hata miezi, kabla hajaonyesha dalili. Na kinga ya chanjo ya kwanza inahitaji kama mwezi mmoja kukomaa. Mtenge na mbwa wengine kipindi hicho, mpe chakula bila kumpa nafasi ya kukuuma, na tazama mabadiliko: sauti kubadilika, kushindwa kumeza, udenda kuning'inia, kuuma vitu hovyo au kupooza taya. Kila mwaka rudia chanjo.

Akimng'ata mtu, au mate yake yakigusa kidonda, osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo. Mbwa achunguzwe siku 10, lakini mtu asingoje siku hizo nyumbani bila kuonwa na daktari. Dalili zikishamwanza binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 kati ya 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15, ndiyo maana hapa siwezi kulegeza sauti. Mbwa wa namna hiyo akifa, usimzike kabla ya kumwita afisa mifugo. Wakala wa Maabara ya Veterinari, maabara ya serikali ya magonjwa ya wanyama, ina kituo Iringa, na afisa huyo atajua namna ya kupeleka sampuli.

Ukiwa kwa daktari wa mifugo, mwombe pia dawa ya minyoo na ya kupe, na umtazamishe sehemu za siri. Baadhi ya mbwa wa mitaani wana uvimbe unaovuja damu hapo, unaoambukizwa wakipandana. Watu wakiuona wanamtupa wakidhani amekwisha, kumbe unatibika kwa sindano za kila wiki, kwa wiki kadhaa.

Watu wote wananiambia nichukue dume, jike atanijazia watoto. Ni kweli? (Dada, Vwawa)

Jike asiyefungwa kizazi hupata joto kama mara mbili kwa mwaka, na mimba yake ni siku 63 hivi, kwa hiyo hofu yao ina msingi. Lakini kwa sababu hiyohiyo majike wanakataliwa na watu, na ndio utakaowapata kwa urahisi. Mfungishe kizazi, hutapata mlinzi mwangalifu kumshinda. Kabla hujamchukua, uliza ni daktari gani karibu nawe anafanya upasuaji huo na gharama yake, kisha weka akiba. Dume naye ahasiwe. Watoto hawaji kwa jike peke yake.

Mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi ataiweza baridi ya Njombe? (Mkulima wa viazi)

Ataiweza akipata pa kukauka. Inua kibanda juu ya ardhi, mlango usielekee upepo unakotoka, ndani jaza maranda au majani makavu, na uyabadilishe yakilowa. Blanketi bovu lililolowa ni baya kuliko sakafu tupu. Juni na Julai mwongezee chakula, hasa dagaa na utumbo. Na huko kwenu kwenye maparachichi, usimwache achezee kokwa, likimezwa linaziba tumbo.

Mama, nimeshindwa. Wiki tatu zilizopita nilimchukua dume wa miaka miwili kutoka Makambako. Ameshaua kuku sita wa mama mkwe wangu, na nyumbani hakukaliki. Nikimrudisha, si nitaonekana sina utu? (Mwalimu, Tukuyu)

Pole mwalimu, na umfikishie mama mkwe pole yangu pia. Walipe kwanza hao kuku, leo hii, kabla ya neno lolote kuhusu mbwa.

Baadhi ya mbwa wanafundishika. Wengine wakishaonja damu ya kuku hawaachi, wanachofanya ni kungoja ugeuke. Kama mnaweza kuwafungia kuku bandani hadi saa kumi jioni na mbwa akafunguliwa usiku tu, jaribu miezi miwili. Kama kuku wanazurura uani mchana kutwa na mayai ndiyo pesa ya mama ya chumvi na sabuni, mrudishe. Mbwa huyo hakufaa nyumba hiyo, na ninyi hamkuambiwa, au aliyewapa naye hakujua. Kisichosameheka ni kumpakia usiku ukamwachia kwenye malori kama wengi wanavyofanya. Mpigie aliyekupa, mwambie ukweli, na ukae naye mpaka apatikane wa kumpokea.

Wakati unangoja, chukua karatasi uandike yote uliyoyajua wiki hizi tatu. Anaua kuku. Mbuzi je, anawaacha? Watoto wa shule wanaopita uani anawafanyaje? Anaogopa radi? Analala wapi, anakula nini, ameshachanjwa lini? Anamfuata nani hadi chooni? Nimejibu barua nyingi za watu wanaomtafuta mbwa mzima ambaye tabia zake zinajulikana, na karibu wote wanaishi mjini, hawana kuku hata mmoja. Karatasi hiyo umpe atakayemchukua, mkononi, pamoja na kadi ya chanjo.