Bethlehemu Ndani ya Neno la Ghasia

SWALI: Katika gazeti moja la Kiingereza nimesoma kwamba baada ya bao la dakika za mwisho uwanja mzima ulikuwa "bedlam". Kamusi inasema ni ghasia, lakini jirani yangu, mwalimu mstaafu, anashikilia kuwa neno hilo ni Bethlehemu ya kwenye Biblia. Je, ni kweli au ananitania? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hakutanii, ila kati ya Bethlehemu na uwanja wa mpira kuna hospitali. Mwaka 1247 Simon FitzMary, mkazi mwenye hadhi wa London, alitoa ardhi yake ya Bishopsgate ili ijengwe nyumba ya watawa ya Mtakatifu Maria wa Bethlehemu. Wenyeji walilifupisha jina hilo vinywani mwao likawa "Bethlem", na hatimaye "Bedlam". Nyumba yenyewe iligeuka hospitali, na ukaguzi wa mwaka 1403 ulikuta humo wagonjwa sita wa akili. Miongoni mwa vifaa vilivyotumika zama hizo mlikuwa na minyororo na pingu.

Mwaka 1676 hospitali ilihamia Moorfields, katika jengo lililosanifiwa na Robert Hooke, ambalo kwa nje lilifanana na kasri. Juu ya lango lake walilala watu wawili wa mawe, mmoja amezama katika huzuni na mwenzake amefungwa minyororo, uso umempinda kwa wazimu. Raia waliruhusiwa kuingia kuwatazama wagonjwa, wengine wakija kujiburudisha tu, jambo ambalo kwa kweli linatia aibu, na ni mwaka 1770 ndipo ruhusa hiyo ilipobanwa. Tangu karne hiyo ya 17 jina la hospitali lilikuwa limeanza kutumika kwa mahali popote penye kelele na vurugu, likaandikwa kwa herufi ndogo.

Kwa matumizi, ningelitafsiri "zogo" au "vurumai" badala ya "mkanganyiko", kwa kuwa mtu aliyechanganyikiwa kimyakimya juu ya hesabu zake hasemwi hivyo. Lazima pawe na umati na makelele. Hospitali yenyewe ingali inatibu wagonjwa wa akili kusini mwa London, ilikohamia mwaka 1930 kutoka Southwark, makao yake ya baada ya Moorfields, na jengo ililoliacha huko sasa ni Jumba la Makumbusho ya Vita.