Ukitaka kuandika juu ya ukuaji wa taasisi, kaa ghalani kwanza

Kila mwaka masomo ya uzamili yanapoanza hapa chuoni kwetu Mbeya, hawakosi wanafunzi watatu au wanne wanaogonga mlango wangu na wazo lilelile: "Prof, nataka kuandika kuhusu ukuaji wa biashara ndogo na za kati." Nawauliza, biashara ipi? Wanajibu, zote za mkoani. Nikiuliza watazijuaje, wanatoa rasimu ya dodoso kwenye mkoba.

Nawaelewa, kwa sababu nami nilianzia hapohapo. Makala hii nawaandikia wao, na wahadhiri wasaidizi wanaofundisha biashara Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko, wanaotamani siku moja kuitwa maprofesa kwa kazi waliyoiandika.

Nilipokuwa mhadhiri msaidizi nilichapa madodoso yangu, nikazunguka nayo Mwanjelwa, Kabwe, Soweto hadi Uyole. Ninamkumbuka mama mmoja aliyekuwa akiuza mchele wa Kyela. Alikuwa anapima kilo za mteja kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika karatasi yangu. Akafika kwenye swali la mauzo, kwamba yameongezeka kwa asilimia ngapi katika miaka mitatu. Akaniuliza, "Mwalimu, unataka niandike ngapi?" Nikamwambia akadirie tu. Akaandika ishirini. Jirani yake akachungulia, naye akaandika ishirini.

Zile ishirini mbili niliziingiza kwenye kompyuta pamoja na nyingine zote. Zikatoka jedwali safi, na jedwali likazaa makala. Makala nikaipeleka kwenye jarida lililonitoza ada na kuichapisha ndani ya wiki chache bila mtu yeyote kuniuliza swali la maana. Nilifanya hivyo mara tatu. Siku nilipoomba kupandishwa cheo, kamati iliziweka kando zote tatu. Iliniuma sana. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipozisoma upya usiku ule, sikuona ndani yake biashara hata moja ninayoifahamu.

Mabadiliko yalikuja Mbozi, wakati huo ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya, kabla Songwe haijawa mkoa mwaka 2016. Nilikwenda kwenye AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha kuuza mazao, ya wakulima wa kahawa kwa shughuli ya siku mbili. Nikajikuta narudi msimu baada ya msimu.

Pale ghalani alikuwepo karani, mzee wa makamo, aliyeshika mizani tangu chama kilipoanza. Mkulima akishusha kiroba cha kahawa mbivu, mzee anachota konzi na kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Punje zinazoelea anazitoa, zinazozama anazipokea. Ndipo anapima, anatoa uzito wa kiroba kitupu, anaandika kwenye daftari, na wakati wote huo anauliza habari za mgonjwa wa nyumbani kwa mkulima yule. Alijua shamba la nani liko bondeni na huchelewa kuiva. Alijua nani huchanganya mbichi na mbivu akibanwa na ada ya shule. Kwenye hesabu za chama hayo yote hayakuandikwa popote.

Kisha chama kikakua. Wanachama waliongezeka karibu mara mbili, kikafunguliwa kituo cha pili cha kukusanyia, akaajiriwa kijana mhasibu mwenye shahada na kompyuta mpakato. Fedha za mkopo zilikuwepo. Mtambo wa kumenya kahawa ulikuwepo. Kwa kila kipimo nilichofundishwa darasani, msimu ule ulipaswa kuwa mzuri kuliko yote.

Ukawa mgumu kuliko yote. Asubuhi mzee alipima kituo cha kwanza, mchana alipanda pikipiki kwenda kumwelekeza kijana kituo cha pili, jioni walikaa wote wawili kurekebisha makosa ya mchana. Foleni ikarefuka. Na kahawa mbivu haisubiri: isipomenywa siku ileile inaanza kuchacha, na ladha ikiharibika hata bei inashuka. Viroba vikalala nje. Baadhi ya wakulima wakaanza kuwauzia walanguzi wanaopita vijijini na fedha mkononi.

Mimi nilikaa pale juu ya gunia nikiandika, na nikamkumbuka Edith Penrose, ambaye nilikuwa nimemsoma kwa ajili ya kufaulu mtihani tu. Mwanauchumi huyo alizaliwa Los Angeles mwaka 1914. Kitabu chake kuhusu ukuaji wa makampuni kilitoka mwaka 1959, na hoja yake kubwa, kwa maneno ya ghalani, ni hii: taasisi huzuiwa kukua kwa kasi na uchache wa watu wanaoijua kazi yake kutoka ndani na waliozoeana. Watu hao huwezi kuwanunua sokoni. Unaweza kuajiri mtu leo, lakini kumfanya awe mwenyeji kunakula muda wa wenyeji wachache ulionao, na muda huohuo ndio ungewasaidia kupanua kazi. Ndicho kilichokuwa kinampandisha mzee wetu pikipiki kila mchana.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi ni kwamba Penrose hakuipata hoja hiyo kwa kukaa maktaba peke yake. Mwaka 1954 alikwenda kuichunguza kampuni moja ya Marekani, Hercules Powder, kutoka ndani. Baadaye maisha yalimpeleka Baghdad, kisha London. Alichunguza pia makampuni ya mafuta, na hakuacha kuuliza swali lake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una nafasi ya kushika mmoja tu, shika huu: chagua taasisi moja unayoweza kuifikia kwa nauli yako mwenyewe, uifuate kwa miaka. Inaweza kuwa kikundi cha wapanda miti Mufindi, kinu cha mpunga Ubaruku, SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya walimu Iringa au wakusanyaji wa parachichi Rungwe. Usianze na kubwa. Anza na ambayo mlinzi wake atakuzoea.

Taratibu za kuingia zifuate zote: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala, Afisa Ushirika kama ni chama cha ushirika, na mwisho ridhaa ya wenyewe, ambayo ndiyo nzito. Ukishaingia, kabla ya kuuliza mtaji, omba kusoma mihtasari ya vikao. Ndani yake utaona jambo lililojadiliwa mara sita bila kuamuliwa, na hapo pana tasnifu. Halafu uliza swali ambalo mimi huuliza kila ninapokwenda: ni mtu gani akiugua wiki moja kazi inasimama? Mwenyekiti atajitaja yeye. Muulize na mpishi, muulize na dereva.

Nadharia za hatua za ukuaji zisome, lakini uzisome ukiwa macho. Larry Greiner aliandika mwaka 1972 kwamba taasisi hupitia vipindi vitano, na kwamba dawa inayotibu mgogoro wa kipindi kimoja ndiyo inayozaa mgogoro wa kipindi kinachofuata. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na darasani nalifundisha kwa moyo wote. Ila wazee wa ushirika wa huku watakueleza kwamba vyama vyao vikuu vilivunjwa na serikali mwaka 1976, sheria ikavirudisha mwaka 1982, na waliorudi kuviendesha hawakuwa walewale. Sasa hicho ni kipindi cha ngapi? Mwanafunzi anayebandika vipindi vitano juu ya AMCOS ya Mbozi bila kuuliza historia hiyo anapoteza jambo lenye thamani kuliko nadharia yenyewe.

Kuhusu kuchapisha nitasema machache. Angalia wahariri wa jarida ni akina nani na kama unaweza kuwapata kwenye vyuo vyao. Jarida linalodai ada kabla kazi yako haijasomwa na yeyote, liache. Makala yangu ya Mbozi ilikataliwa mara mbili, mara ya tatu ikarudishwa na kurasa nne za maswali, na tangu rasimu ya kwanza hadi kuchapwa ilipita miaka mitatu. Ndiyo iliyonipandisha cheo.

Muda ndio utakaokutesa. Utakuwa na madarasa makubwa, mitihani ya kusahihisha inayojaza meza, na kazi za ushauri zinazolipa ada za watoto. Kazi za ushauri sizidharau, zimenijengea nyumba Iyunga. Nilichojifunza ni kuzikataa zile zisizogusa swali langu. Na Ijumaa yangu nilikuwa siigawi: simu nazima, mlango nafunga, naandika hata kama ni ukurasa mmoja. Wenzangu walinuna mwanzoni, baadaye wakazoea.

Lakini kuna jambo ambalo kama nisingelifanya, sidhani kama ningeandika chochote cha maana. Kabla ya kuituma ile makala, niliifupisha kuwa kurasa nne za Kiswahili, nikaomba nafasi kwenye mkutano mkuu wa chama, nikaisoma mbele ya wanachama. Nilieleza foleni, kahawa iliyochacha, na jinsi bei ilivyowafukuza watu kwenda kwa walanguzi.

Mama mmoja wa kituo cha pili akanyosha mkono. "Mwalimu, umeeleza vizuri. Lakini sisi hatukuondoka kwa sababu ya bei. Tuliondoka kwa sababu yule kijana hakutujua. Alikuwa anatudai namba za uanachama mbele ya watu, kama wezi wa kahawa yetu wenyewe."

Ukumbi ukamuunga mkono. Kijana mhasibu alikuwa ameketi nyuma, na mzee wa mizani akamshika bega. Mimi nilirudi Mbeya nikavunja nusu ya makala. Sehemu ya bei niliipunguza, nikaandika upya juu ya kitu ambacho mama yule alikuwa amekitaja: kufahamiana kwenyewe ni mali ya chama, na chama kilikuwa kimepanuka kupita mali hiyo. Katika zile kurasa nne za maswali, sehemu hiyo peke yake wapitiaji wa jarida hawakuigusa. Kwa hiyo rudisha kazi yako kwa wenyewe, kwa lugha yao, kabla haijachapwa, wakati bado unaweza kusahihishwa.

Msimu uliopita nilikwenda tena. Mzee amestaafu na analima tu. Mizani sasa anaishika yule kijana, ambaye si kijana tena. Mama wa kituo cha pili alikuwa bado mbali, anateremka mtelemko na kiroba kichwani, na mhasibu alikwisha kufungua daftari kwenye ukurasa wa mama huyo. Pembeni ya mhasibu alikaa binti aliyeajiriwa mwaka huo, naye mhasibu alikuwa anamwonyesha kwa kidole: "Yule anayekuja, shamba lake liko bondeni. Andika."

Namba ya uanachama hakumuuliza.