Friza Langu Bado Limekwama Somanga

Mwaka 2024 majirani zangu hapa Chikongola, Mtwara, waliniuliza mpaka wakachoka: mama, zile barafu ulizotuahidi ziko wapi? Nikawa nawajibu kwamba friza limekwama Somanga. Sikuwa nawadanganya. Na mimi ndivyo nilivyoambiwa.

Naandika haya kwa ajili ya watu wa kwetu, maana ushauri mwingi wa kununua vitu mtandaoni huandikwa na watu wa Dar es Salaam kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam. Wao wakishaambiwa "lipia ukipokea mzigo", mambo yamekwisha. Bodaboda anafika mlangoni, unafungua boksi, unachomeka, kinawaka, unalipa. Sisi habari yetu iko chini kabisa ya tangazo, kwa maandishi madogo: mikoani malipo kwanza. Tunapopigiwa ni hapo.

Hela yenyewe ilikuwa ya korosho. Mjomba wangu wa Tandahimba alinikopesha Sh300,000 alizokuwa ameziweka tangu msimu, nikaongezea za kwangu. Friza la kulala, lita 200, mtumba wa Ulaya, Sh420,000. Hapa mjini lenye ukubwa ule nilishatajiwa Sh650,000, kwa hiyo bei ya yule bwana aliyekuwa akiliuza mtandaoni ilikuwa nzuri lakini haikuwa ya kushtua. Kila siku tunaambiwa tuogope bei ya kutupa, na tapeli naye anajua kwamba tumeshaambiwa. Huyu wa kwangu alipunguza kiasi tu cha kunifanya nijione mjanja.

Ukurasa wake wa Instagram ulikuwa na wafuasi zaidi ya elfu arobaini. Chini ya kila picha watu wanashukuru, "nimepokea mzigo wangu Songea, Mungu akuzidishie kaka." Nikampigia, akapokea. Sauti ya mtu mzima, mstaarabu, dada hivi, dada vile. Nyuma yake nasikia honi na watu wa mikokoteni wanapiga kelele wapishwe, nikasema moyoni, huyu yuko Kariakoo, yuko dukani kwake. Leo najua kwamba kelele za Kariakoo hata mimi nikisimama barabarani nazipata, na duka sina.

Akanitumia namba ya simu ya kulipia. Nikaweka kiasi, na kabla ya kuingiza namba ya siri likatokea jina la mwanamke, wakati yeye alijitambulisha kwa jina la kiume. Nikampigia tena. "Huyo ni mhasibu wetu, dada." Basi. Nikaingiza namba ya siri. Zile sekunde chache, kidole kikiwa juu ya simu, zilikuwa nafasi yangu ya mwisho, nami nikazimalizia kumwonea aibu mtu ambaye sijawahi hata kumtia machoni. Niliona nikiuliza zaidi ataniona mshamba.

Ijumaa tarehe 3 Mei akanitumia picha ya risiti ya mzigo: lori limeondoka, Jumapili lipo Mtwara. Jumamosi kikaja kimbunga Hidaya. Watu wote wa kusini tunakumbuka, mvua ile, na barabara ya Dar ilivyokatika pale Somanga, wilayani Kilwa. Malori na mabasi yakasimama huku na huku, abiria wakalala njiani. Jumatatu yule bwana akanipigia mwenyewe, mimi hata sijamtafuta. Pole dada, lori letu nalo limekwama Somanga, tunataka tuvushe mizigo tuipakie gari la upande wa pili, kila mwenye mzigo anachangia Sh45,000. Nikatuma. Nilituma huku namshukuru kwa kunijali.

Barabara ikafunguliwa baada ya siku kadhaa. Mabasi yakaanza kuingia stendi ya Mkanaledi, nyanya zikashuka bei, shemeji yangu aliyekuwa amekwama akafika miguu imevimba. Simu ya yule bwana ikawa haipatikani. WhatsApp picha yake ikapotea, Instagram nikawa simwoni tena. Sh465,000.

Ile Sh45,000 inaniuma kuliko Sh420,000. Ya kwanza nilidanganywa na mtu. Ya pili nilijidanganya mwenyewe, kwa sababu habari ya Somanga ilikuwa kweli, redio zote zimesema, nami nikachukua ukweli wa barabara nikaufanya ukweli wa lori. Tangu hapo nimewasikiliza wengi waliolizwa, na karibu wote wana "ongeza" yao. Mmoja mzigo ulishikwa mizani, mwingine kodi haijakamilika, mwingine gari limeharibika Nangurukuru. Muuzaji akikuomba hela ya pili kwa mzigo ambao hujauona, ile ya kwanza ihesabu imekwenda, funga mkono hapohapo. Najua moyo unavyosema: nikiongeza kidogo nitaokoa kikubwa. Hesabu yake yote imekaa kwenye moyo huo.

Nilipotulia nikarudi kwenye simu ya binti yangu, ambayo haikuwa imefungiwa, nikaukagua ukurasa ule kama mwalimu anayesahihisha. Ukibonyeza zile nukta tatu kwenye ukurasa wa mtu, Instagram ina sehemu inayoeleza kuhusu akaunti hiyo: ilifunguliwa lini, na jina limebadilishwa mara ngapi. Ule ulikuwa umebadilishwa jina mara kadhaa. Wale wafuasi elfu arobaini huenda walifuata ukurasa wa mpira au wa vichekesho, ukauzwa, ukavikwa mafriza. Kisha nikaitazama picha yenyewe ya friza. Pembeni yake ukutani kulikuwa na soketi ya matundu mawili ya mviringo. Soketi zetu Tanzania zina matundu matatu ya mstatili. Picha ile haikupigwa Kariakoo hata siku moja. Nilikuwa nimeitazama mara ishirini, naangalia friza tu.

Polisi nilikwenda siku ya kumi na moja, nikachukua RB, ile namba ya taarifa yako pale kituoni. Ndugu yangu, usisubiri siku kumi na moja. Ukishashtuka tu, hata kama ni usiku, piga huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia kutuma hela, ueleze, maana hela ikiwa bado imo kwenye ile namba kuna uwezekano wa kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, unabaki na maelezo tu. Yangu ilikuwa imetolewa zamani. Polisi unakwenda vilevile, na unakwenda na ushahidi: skrinshoti za mazungumzo, ujumbe wa muamala, namba zote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, lakini haiwezi kusimama juu ya "nilifuta meseji kwa hasira". Na namba ya tapeli iripoti kwenda 15040. Haikurudishii hela, ila laini ile ikifungwa, mwenzako wa Nachingwea atapona.

Askari aliyeniandikia maelezo alinifungua macho kwenye jambo moja. Lile jina la mwanamke lililotokea kwenye simu, nililokuwa nimelishikilia kama mwizi nimeshamjua, huenda ni la bibi wa kijijini ambaye hajui kama ana laini hiyo. Mtu anakwenda kusajili laini chini ya mwavuli, anaambiwa kidole hakijasoma, weka tena, na kile kidole cha pili kinasajilia laini nyingine. Nilitoka pale nikapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA. Fanya na wewe leo, ni dakika moja.

Kwa hiyo jina likitofautiana na la muuzaji, acha. Likifanana, bado usishangilie. Ile "Lipa Namba" ya biashara nayo ni afadhali kuliko namba ya mtu binafsi, lakini ni afadhali tu.

Sasa nanunuaje? Maana kununua sijaacha, vitu vingine huku havipatikani au vinapatikana kwa bei ya kuumiza. Mimi nimeamua kwamba hela yangu haitatangulia mbele ya mzigo.

Kwa vitu vya thamani nina binamu yangu Mbagala. Kabla sijatuma hata shilingi, namtumia nauli na ya soda, anakwenda dukani kwa muuzaji na kunipigia simu ya video akiwa amesimama hapo. Mara mbili amekwenda akakuta jengo lipo, ghorofa ya tatu ipo, duka halipo. Nauli yake ile mimi naihesabu ni sehemu ya bei. Kama huna ndugu Dar, una jirani mwenye ndugu Dar. Watu wa Mtwara Mbagala ni kama nyumbani.

Kwa vidogo natumia basi. Nakubaliana na muuzaji nimtangulizie kiasi kidogo, ambacho kikipotea nitalala usingizi. Anaupeleka mzigo ofisi ya basi, anapewa risiti, ananitumia picha yake. Hapo wengi hupiga ile namba ya simu iliyoandikwa kwenye risiti. Usiipige! Risiti inachapishwa na mtu yeyote mwenye printa, na namba iliyoko pale inaweza kuwa ya mwenzake aliyekaa naye meza moja. Mimi napanda bajaji mpaka Mkanaledi, nakwenda kwenye kibanda cha basi lenyewe, namwonyesha kijana wa mizigo ile picha, namwomba awaulize wenzake wa Dar kwa simu yake yeye. Wakisema upo, nasubiri ufike, naufungua palepale, ndipo namalizia hela. Muuzaji naye ana wasiwasi wake, si makosa. Aache maagizo ofisini kwamba mzigo usitolewe mpaka apige simu. Wapo waliokubali na sasa tunafahamiana. Wapo waliokasirika, "dada kama huniamini acha." Nikaacha.

Hasira hiyo naijua vizuri, maana na mimi sasa ni muuzaji wa mtandaoni. Nauza korosho za kukaanga, natuma Dar, Dodoma mpaka Mwanza. Wateja wananiogopa kama nilivyopaswa kumwogopa yule bwana. Mama mmoja wa Dodoma aliniambia, mwanangu, andika tarehe ya leo na jina langu kwenye karatasi, weka juu ya hizo korosho, piga picha. Nikachana kipande cha boksi, nikaandika kwa kalamu ya wino, nikakiweka juu ya mfuko wa kilo tano, nikapiga na mkono wangu ukionekana. Dakika mbili. Tapeli aliyeiba picha hawezi kufanya hivyo, atakuletea hadithi za simu kuharibika kamera. Siku hizi kila muuzaji namwomba hicho kipande cha boksi.

Wauzaji wenzangu nao, mnapigwa kutokea upande wenu. Mteja mmoja alinitumia bodaboda achukue korosho za Sh96,000, na ujumbe wa malipo ukaingia, maneno yote sawasawa, mpaka namba ya muamala. Nilikuwa nimeshafunga mfuko. Kilichoniokoa ni mstari wa mwisho: salio lako jipya ni Sh1,204,500. Mimi? Asubuhi ile nilikuwa na elfu sabini na kitu. Nikatazama juu, ujumbe umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, si kwenye jina la mtandao. Nikaangalia salio mwenyewe, hakuna kilichoingia. Bodaboda wa watu nikampa maji akaondoka, naye alikuwa ameitwa tu.

Friza nililinunua hapahapa mjini mwezi Desemba, kwa Sh650,000 zilezile nilizokimbia. Nilimwambia muuzaji aliwashe, nikavuta stuli nikakaa nalo nusu saa, natia mkono ndani, natoa, natia tena, yeye ananiangalia kama mwehu.

Lile la kwanza nalo nimeliona juzi. Picha ileile, soketi ileile ya matundu mawili ukutani, ukurasa una jina jipya na sasa bei ni Sh480,000. Nikaandika chini yake: hilo friza ni langu, liko Somanga, naomba niletewe. Nilifungiwa kabla sijaiweka simu chini.