Kabla hujaingia Pinterest, itazame kanga

Nilipoanza kazi ya udizaina, kila mteja mpya alinikuta Pinterest, ule mtandao wa picha. Naandika neno moja, nashusha picha arobaini, nachanganya tatu, namkabidhi. Nembo zangu zote zikawa ndugu wa baba mmoja, na baba mwenyewe haishi Dar es Salaam.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja anayeoka mikate. Nilimchorea suke la ngano la dhahabu linalofifia hadi kahawia, kivuli chini yake, na maandishi membamba kama unywele. Kwenye kompyuta lilipendeza, sitasema uongo. Akaenda kulipiga kwenye mifuko ya kaki kwa rangi moja, kwa kuwa hiyo ndiyo aliyoimudu. Akarudi, akauweka mfuko mezani kwangu.

"Mwanangu, huyu ni mende au ni nini?"

Nikautazama. Alikuwa mende, tena mwenye mapapasio.

Jioni ile nikiwa kituoni, nikaona jambo ambalo nimelipita maisha yangu yote. Daladala zetu zina mkanda wa rangi ubavuni, kila njia na rangi zake. Mkazi wa Mbagala hangoji kusoma kibao. Gari likiwa bado mbali ameshaijua rangi, ameshakumbatia mkoba, kiwiko kiko tayari. Mkanda huo hauna kivuli wala dhahabu, na kituo kizima kinausoma huku kikisukumana.

Basi ushauri wangu ni huu: ukiona mchoro unaofanya kazi yake vizuri, usiharakishe kuuiga sura. Uliza kwanza mchoro huo ulikuwa unapambana na nini. Umbali? Rangi chache? Mtu mwenye haraka? Kitambaa kinachojikunja? Ukishajua mchoro ulipambana na nini, hilo jibu unaweza kulibeba hadi kwenye kazi yako, na hakuna atakayesema umeiba.

Nilianza na kanga ya mama yangu. Niliitandika sakafuni nikakaa nayo saa nzima, akadhani naumwa. Wote tunajua kanga ina pindo la kuzunguka, mji, yaani sehemu ya katikati, na jina, yaani maneno yake. Ila hebu tazama jina lilipokaa: chini ya mji, juu kidogo ya pindo la chini, herufi kubwa zisizo na madoido. Ile ya mama imeandikwa WEMA HAUOZI. Akijifunga, maneno yanaangukia nyuma, chini ya kiuno. Kwa hiyo msomaji wake ni anayemfuata njiani, wala si anayetazamana naye. Aliyepanga hivyo aliufikiria mwili unaotembea, na jirani aliyebaki barazani akisoma mafumbo. Mimi nilikuwa nadizaini fulana za kampeni na maandishi yote kifuani, eti kwa sababu ndivyo fulana zinavyokuwa.

Nembo za makampuni makubwa nazo zitazame kwa jicho hilohilo. Alama ya Nike ilichorwa mwaka 1971 na Carolyn Davidson, akiwa bado mwanafunzi, akalipwa dola 35. Nimewahi kuiona ukutani kwa kinyozi, imechorwa kwa brashi iliyochakaa, imepinda, na bado ni yenyewe. Sasa kila nembo yangu naichora kwa chaki kabla sijaipeleka kwa mteja. Chaki ikishindwa, naanza upya. Ile ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, ya mwaka 1994, aliyoisanifu Lindon Leader, ina mshale mweupe uliojificha kati ya E na x. Niliitazama miaka bila kuuona. Leo siwezi kuacha kuuona, na inanikera kidogo.

Upande wa video ndiko nilikojifunza kwa aibu zaidi, maana nimetengeneza vianzio vya video za harusi visivyohesabika. Majina ya maharusi yanazunguka kama tiara, yanalipuka nyota, yanatua ndani ya kopa. Halafu nikakutana na kazi za Saul Bass, Mmarekani aliyesanifu nembo na vianzio vya filamu pia. Kwenye filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1959, North by Northwest, mistari inakatiza skrini, majina yanapita juu yake, kisha polepole unatambua kwamba mistari ile ni madirisha ya jengo refu la vioo, na magari ya mtaani yanaonekana humo. Ni mistari tu! Lakini kabla hujamwona mwigizaji hata mmoja, umeshaingia mjini.

Nikajiuliza, sisi mistari yetu iko wapi? Ilikuwa sakafuni kwa mama. Harusi iliyofuata nilianza na skrini nyeupe, pindo likajichora upande mmoja baada ya mwingine hadi likafunga, katikati ukabaki mji mtupu. Majina yakaingia mahali pa jina, herufi kubwa, yakatulia. Sekunde kumi na mbili. Shangazi wa bibi harusi alipiga vigelegele kabla hata bwana harusi hajaonekana.

Siku hizi nikikwama naenda kumtazama mzee mmoja anayeandika mabango kwa mkono. Anapiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, anahesabu herufi, anaanza na ya katikati ili neno lisimwishie njiani. Kisha anavuka barabara, anakunja macho, anarudi kurekebisha. Nilimuuliza kwa nini asitazame palepale. "Kijana, wateja wako hapa ndani, au wako kule?"

Mama wa mikate nilimrudia na mchoro mpya, bure: mkate mmoja, mikato mitatu juu, rangi moja. Akaushika kwa mbali, mkono umenyooka.

"Haya," akasema, "huu ni mkate."